Kadi Iliyokuwa Juu ya Kioo cha Kinyozi

Kwa miaka thelathini na minne Delbert Haskins alikuwa hajaonja pai ya mama yake, na si kwa sababu ya sukari wala daktari. Ilikuwa nadhiri.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikwenda kambi ya watoto wiki mbili. Aliporudi, boksi la viatu lililojaa kadi zake za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, halikuwepo uvunguni mwa kitanda. Mji mzima wa Wexley ulijua jibu: mama kafagia, mama katupa. Karibu kila mama wa mji ule alikuwa na dhambi hiyo. Bi Irma peke yake ndiye aliyekana, akaapa kwamba ufagio wake haukufika chini ya kitanda kile. Delbert hakumwamini. Akaapa na yeye: hataigusa pai yake ya matufaha mpaka kadi zote za timu yake, Korongo, za mwaka ule wa 1957, zirudi mkononi.

Mtoto wa umri huo huapa mengi, na kwa kawaida njaa humsahaulisha. Huyu hakusahau.

Kadi zilikuwa ishirini na nane. Kufikia 1991 alikwishapata ishirini na saba, kwa kubadilishana kwenye maonyesho ya kadi ya Jumamosi katika kumbi za makanisa, kwa barua, na mara moja msibani, jambo ambalo mkewe hajamsamehe. Iliyobaki ilikuwa ya Orrin Stebbins, mdakaji. Hiyo iliadimika kwa mikono ya watoto wenyewe. Katikati ya msimu Korongo walimuuza Stebbins kwa mahasimu wao, na watoto wa Wexley, kwa uchungu, wakazitia kadi zake moto. Delbert hakuwa na moyo wa kuichoma yake. Alichukua kalamu ya baba yake ya wino wa kijani, akaandika nyuma MSALITI kwa herufi kubwa, akairudisha kwenye boksi, kisha akalia.

Sasa mjini alibaki mtu mmoja mwenye Stebbins: Leland Pruitt, kinyozi, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Aliitundika juu ya kioo chake, ndani ya fremu iliyokazwa ukutani kwa skrubu nne.

Kila alipokwenda kunyolewa Delbert alifungwa shuka shingoni, akaanza kubembeleza. Alitoa kadi tatu kwa moja. Alitoa kadi za wachezaji nyota. Mwaka mmoja alitoa boti yake ya kuvulia samaki. Leland alimwambia atulize kichwa.

"Ile si ya kubadilishana, ndugu yangu. Ikitoka pale, wewe hutarudi tena kunyolewa."

"Nywele zenyewe ziko wapi za kunirudisha?"

Wateja walicheka, wakamwita Leland mchoyo. Delbert mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtetea. Mchoyo ndiyo, alisema, lakini huyu ndiye aliyekuwa akiingia chumbani mwake kumlishia kobe wake siku zile za kambi. Na boksi lilipopotea, huyu ndiye aliyekaa naye kwenye ngazi wiki nzima, akimwambia asilie, akina mama ndivyo walivyo.

Septemba ile Bi Irma aliuza nyumba. Alikuwa na miaka sabini na sita, na dada yake alimwita wakaishi pamoja Arizona. Siku tatu kabla ya safari aliingia kwenye duka la kinyozi, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akakaa kwenye kiti cha kusubiria na mkoba wake magotini. Hakuomba kadi. Alisema tu kwamba angependa kumwona mwanawe akila kipande kimoja cha pai yake kabla hajaondoka.

"Nimechoka kubishana naye, Leland," alisema. "Nitamwambia ni mimi niliyezitupa. Huenda ikasaidia."

Leland alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Mkasi ulisimama, na yule mteja aliondoka siku hiyo na upande mmoja mrefu kuliko mwingine.

Jumamosi asubuhi Leland aligonga mlango wa Delbert, fremu kwapani. Delbert aliiangalia, akaanza kutaja kila alichokuwa nacho, boti ikiwemo. Leland akatikisa kichwa.

"Sitaki kitu chako. Nina sharti moja tu. Ukale pai ya mama yako kwanza. Ukishamaliza, ndipo uitoe kwenye fremu. Niahidi."

Delbert aliahidi, akamkumbatia, akamwambia hajaona rafiki kama yeye. Leland alijibu kwamba ana wateja wanamsubiri, akaondoka haraka bila kuaga.

Mchana ule jiko la Bi Irma lilinukia mdalasini. Delbert aliweka fremu mezani, akaketi. Mama yake alifuta mikono kwenye aproni, akasema alichokuwa amekipanga.

"Ni mimi, mwanangu. Nilizitupa. Unisamehe."

Delbert aliushika mkono wake. Alijisikia mkubwa, mwema, mwepesi.

"Yaliyopita si ndwele, mama. Mimi si mtu wa kinyongo."

Akala. Ilikuwa tamu kuliko alivyoikumbuka, na machozi yalipomtoka alisingizia moto wa pai. Mama yake alicheka kwa furaha kama msichana. Delbert akaomba kipande cha pili.

Bi Irma alipogeuka kumkatia, Delbert aliifungua fremu kwa kisu cha siagi. Akamtoa Stebbins taratibu, akambusu usoni, akaigeuza kadi asome namba yake iliyochapwa nyuma.

Namba haikusomeka. Ilikuwa imefunikwa na herufi kubwa za wino wa kijani.