Bingwa Kuliko Wote

"Mayweather! Hakuna mutu alimushinda," alisema kinyozi, wembe mkononi.

"Pacquiao iko juu yake," mteja mmoja akabisha.

Ketura hakuwa na habari nao. Alikuwa amemleta mumewe saluni, hapo Bwera, anyolewe ndevu. Zamani mzee huyo alikuwa bondia aliyetamba Kasese nzima. Sasa ulikuwa mwaka wa pili hajatamka neno wala kumtambua mkewe.

Povu la sabuni lilikuwa likimteleza shingoni taratibu mikono yake ilipoinuka. Ngumi ya kushoto ikakaa mbele, ya kulia ikakinga kidevu.

Kinyozi akaurudisha wembe nyuma.

"Ketura," alisema mzee, "nifungie glavu. Wananingoja."

Ketura akapiga magoti, akaanza kufunga kamba zisizokuwapo, polepole, asije akazimaliza.