Mawe ya Husuni

Siti binti Maftaha aliudaka mpini wa nyundo kabla haijashuka.

“Acha! Unajua unavunja nyumba ya nani?”

Likwata, mwenye nyundo, hakumwamkia. Aliivuta nyundo yake, akangoja yule mwanamke mzee asogee.

Siti alipanda kilima kila Ijumaa kuwasomea Fatiha mababu zake, waliotawala Kilwa kutoka jumba hili la Husuni Kubwa. Ijumaa iliyopita aliwakuta wafungwa wa Maji Maji, mnyororo mmoja shingoni, wakibomoa kuta. Mjerumani alitaka mawe ya kujengea ghala. Leo matao mawili hayakuwepo tena, na huyu mmoja alikuwa bado anagonga.

Siti alimsogelea ili amkemee tena. Kisha akaiona shingo ya Likwata, ilivyochubuliwa na chuma.

“Kwenu wapi?”

“Mitole.”

“Walikukamata vitani?”

“Walichoma kwanza chakula chetu. Halafu wakanikamata.”

“Mungu awalaani!” Siti alitema mate chini. “Wametuonea sote, mimi na wewe. Wazee wangu walikaa humu, na leo Wajerumani wanakutuma wewe uwabomolee!”

“Wazee wangu nao walifika Kilwa.”

“Walikuja kufanya biashara?”

“Hawakuja. Waliletwa.”

Akainua nyundo. Jiwe la nakshi, lililochongwa kama ua, likapasuka vipande viwili.

Siti hakuweza kutazama zaidi. Alishuka ngazi zilizobomoka, buibui likinasa kwenye miiba asijali, mpaka ufukweni. Askari alikuwa amekaa kivulini akilinda lundo la mawe.

“Wewe huna haya?” alifoka. “Na wewe ni mtoto wa Kiislamu! Siku ya Ijumaa, jua lote hili, unamtesa binadamu mwenzako! Kama bwana wako anataka mawe, aje avunje mwenyewe. Mfungue yule maskini aende kwao!”

Askari aliinuka, akavua kofia.

“Shikamoo, mama. Unamsema Likwata?”

“Namsema huyo unayemuua kwa kazi!”

“Kifungo chao kilikwisha Jumatatu. Wenzake wote wameshakwenda makwao.”

Akatazama juu kilimani, ambako nyundo ilikuwa inalia bila kupumzika.

“Yeye kila alfajiri anakuja kuniomba nyundo.”