Salamu Kutoka Milimani

Picha ya nyani aliyekaa juu ya paa la kanisa iliingia kwenye simu ya Wainaina akiwa anamgeuza mzee kitandani. Alimaliza kwanza kumgeuza, akamfunika, ndipo akaitazama.

Vaileth tena. "Salamu kutoka mji wa kilima wa Himalaya! Leo tulitembelea maporomoko ya maji. Vivutio vya karibu ni vingi. Napumzika vizuri sana."

"Anapumzika," alisema Jerotich, aliyekuwa ameshika upande wa pili wa shuka. "Sisi hapa viuno vinakatika, yeye anapumzika."

Nyumba ya wazee wanayofanyia kazi iko Laurel, huku ughaibuni, na walezi wake karibu wote ni watu weusi, wa huku na wa kwetu. Mwaka mzima Vaileth, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa akiwafuata mmoja mmoja kwenye maegesho ya magari, awashawishi wapige kura ya kuunda chama cha wafanyakazi. Wengine aliwapikia. Wengine aliwatukana. Kura ilikuwa Alhamisi.

Halafu meneja Cheryl akamwita ofisini, na kesho yake akawatangazia watu kwa tabasamu: Vaileth ndiye mfanyakazi bora wa mwaka, ameshinda likizo ya Himalaya, ameshaondoka. Jamani, mpigieni makofi.

Wakapiga. Watu wetu makofi kwanza, akili baadaye.

"Lakini pasi ya kusafiria aliitoa wapi?" Jerotich aliuliza. "Si bado alikuwa anangoja karatasi za kuishi huku?"

"Bosi akikutaka, karatasi hazikosi," alisema Wainaina.

Aliyajua mambo hayo. Baba yake alichuma majani chai Limuru, na mwaka wa mgomo katibu wa chama chao alipelekwa semina Mombasa. Alirudi na miwani ya jua na kitambi, akawaambia wachumaji warudi kazini. Baba alikufa akilitaja jina la mtu huyo, tusi mbele, tusi nyuma. Wainaina aliirithi hasira hiyo jinsi wengine wanavyorithi shamba.

Picha ziliendelea kuja. Treni ndogo inazunguka mlima. Vibendera vya rangi rangi hekaluni. Mashamba ya chai yamelala kwenye ukungu. Hiyo ya chai aliihifadhi. Vaileth mwenyewe hakuwemo hata katika moja.

Alimpigia, hakupokea. Akamwandikia: "Dada, kura ni kesho kutwa. Unarudi lini?"

Jibu lilikuja upesi. "Mpendwa Wainaina, mimi ni mwenye furaha. Tafadhali usijali kuhusu kura."

"Mpendwa!" Jerotich alicheka mpaka akashika ukuta. "Vaileth huyu huyu wa 'we Mkikuyu, hebu njoo hapa'? Sikia Kiswahili chake sasa. Kimevaa tai!"

"Amekaa na wakubwa siku chache tu, ulimi umeshahama." Wainaina hakucheka.

Alhamisi asubuhi walezi walijazana kwenye chumba cha mapumziko, chai mkononi, macho kwa Wainaina. Yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa Vaileth. Wengi bado walikitaka chama. Walichongoja ni mtu wa kusimama mbele.

"Mzee, tufanyeje?" mmoja aliuliza. "Sema wewe, sisi tuko nyuma yako."

Wainaina aliinua simu, akawaonyesha mashamba ya chai.

"Huyu ndiye mliyekuwa tayari kufukuzwa kazi kwa ajili yake," alisema. "Mnaona alipo? Mimi sitakuwa ngazi ya mtu aliyenunuliwa. Baba yangu alikuwa ngazi, inatosha. Pigeni hapana, twende tukalale."

Hapana ilishinda, tena kwa mbali. Cheryl aliwaletea pitsa.

Jioni Wainaina alikuwa amekaa ndani ya gari lake, injini hajaiwasha, simu ilipolia. Namba ya jimbo la Virginia, asiyoijua.

"Kaka, ni mimi." Sauti ya Vaileth ilikuwa imekauka. "Nina dakika chache, leo ndio kwanza wananipa simu. Siku ile Cheryl aliniambia nifungue simu yangu tupange zamu. Nikaifungua, nikaiweka mezani, na watu wa uhamiaji wakatokea chumba cha pili. Simu imebaki kwake. Niko kizuizini, kaka, hata dirisha hatuna. Ila usiwaambie wenzetu kabla ya kura, wataogopa. Au wameshapiga? Tumeshinda?"