Jogoo na Soksi

Watu watatu walisimama kwa mpigo, na kila mmoja akadai kuwa yeye ndiye mshairi mbaya kuliko wote bondeni.

Nerys, katibu wa tamasha, alibaki jukwaani na bahasha mkononi, hana la kufanya. Kijijini kwetu Pentregwern mtu hupeleka shairi lake shindanoni kwa jina la kubuni. Jina lake halisi hulifungia ndani ya bahasha, na kwa kawaida Nerys hufungua ya mshindi tu, mwamuzi akishamaliza kusema yake. Kwa miaka ishirini na sita hajapata kuona watu wakigombea nafasi ya mwisho.

Miaka miwili nyuma, Jumamosi kama hii ya Septemba, mbayuwayu wakifunga safari na majani ya kangaga mlimani yakianza kuwa mekundu, watu thelathini na mmoja tu ndio waliokuja kusikiliza hadithi na mashairi. Wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Elfed, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akatoa kauli yake: watu wasipofika themanini, tamasha linafungwa. Lilikuwa tamasha la bibi yake Nerys, na la mama yake baada ya hapo. Nerys alilia mbele ya Mwalimu Meurig, mwamuzi wao, naye Mwalimu akampa kitambaa cha mkononi.

Mwaka uliofuata ndipo Jogoo alipojitokeza. Hilo ndilo jina lililopigwa chapa chini ya shairi lake, na shairi lilikuwa baya hivi kwamba Mwalimu alishikilia lisomwe mbele ya watu kabla halijazikwa. Mwalimu Meurig amefundisha nusu ya bonde, Nerys akiwemo, na imla za Nerys zilikuwa aibu tupu. Mpaka leo Mwalimu husahihisha matangazo ya mlango wa duka kwa kalamu yake nyekundu. Mwenyewe husema hajawahi kutunga hata mstari mmoja, kwamba kazi aliyopewa na Mungu ni kukosoa. Siku ile alimkosoa Jogoo hadi vikombe vya chai vikaanguka, na majira yote ya baridi watu walisubiri nyama zao katika bucha la Idwal huku wakikariri beti za Jogoo.

Basi safari hii walikuja mia moja na kumi na wawili. Elfed aliwahesabu mara mbili, uso ameukunja.

"Wamemfuata Jogoo hawa," alimwambia Nerys. "Siku akinyamaza, mtarudi thelathini, nami nitafunga mlango."

Nerys alijua ni kweli.

Watoto walisimulia habari za ng'ombe mweupe aliyetoka ziwani. Mshindi halali wa ushairi akapewa tuzo yake, kiti cha mti wa mwaloni, na kupigiwa makofi ya adabu. Kisha Mwalimu akapanda na karatasi ya Jogoo, ukumbi ukatulia kwa hamu.

*Ewe vuli umefika, majani yalala chini,*
*Kondoo wangu kacheka, sijui kacheka nini;*

Hapo alishindwa kujizuia. Alivua miwani kufuta machozi, na Mwalimu bila miwani hatofautishi kondoo na mbwa, lakini aliendelea hivyo hivyo, miwani mkono mmoja na karatasi mkono wa pili:

*Mpenzi nakukumbuka, hasa nikila sadini,*
*Machozi yakinitoka, nayafuta kwa soksini!*

Watu walilia kwa kicheko. Mwalimu alingoja, kisha akasema kwa upole kwamba anamshukuru mshairi kwa kutotuambia soksi ilikuwa ya siku ya ngapi.

"Asimame!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Ndipo wakasimama watatu. Idwal wa bucha alisema kondoo ni wake na anamfahamu kwa jina. Bi Olwen, mpiga kinanda wa kanisa, aliapa kwamba bonde zima linajua nani hula sadini. Dilwyn wa matrekta alipandisha tu suruali, na mguu mmoja haukuwa na soksi.

Ukumbi ulipiga miguu sakafuni, ukidai bahasha. Nerys aliing'ang'ania bahasha. Jogoo akishajulikana kuwa ni Idwal tu, Idwal wa kila siku, nani atavuka mlima na mvua kuja kumsikia? Alimtazama Mwalimu apate msaada. Mwalimu alikuwa akifuta miwani yake, ametulia kabisa.

Nerys akaifungua bahasha. Akasoma, akasoma tena, akauma mdomo, na kicheko kikamponyoka.

"Si yeyote kati ya hawa," alisema. "Kaa chini, Idwal."

Ilikuwa vurugu tupu. Idwal alinuna. Bi Olwen akashuku watu wa bonde la pili, Dilwyn akamshuku Elfed, na Elfed akaona haya hadi masikio yakawa mekundu. Kabla birika halijachemka, watu arobaini walikuwa wamemwomba Nerys awawekee viti vya mwakani. Elfed alitaka viwili, mstari wa mbele.

Nerys alijitenga kando ya meza ya keki, akaitoa mfukoni karatasi ya ndani ya bahasha na kuisoma mara ya tatu. Ilikuwa na mistari miwili tu, kwa wino mwekundu:

"Ukinitaja, imla zako zote utaziandika upya.
La mwakani nimeshalianza. Kondoo anaoa."