Kiazi cha Siklameni

Nguruwe ndiye aliyemuumbua Nunziata, mke wa mwanangu.

Sisi wanawake wa kijiji tulikuwa tunashuka kutoka msituni na kuni kichwani. Nguruwe alikuwa amefukua viazi vya siklameni, ua la mwituni, vimezagaa njiani, maua yake ya rangi ya waridi yamelala kwenye tope. Tukaviruka mmoja mmoja, tukicheka. Huku kwetu Kalabria, kusini mwa Italia, hata mtoto anajua: mwenye mimba akikiruka tu kiazi kile, sembuse kukila, mimba inatoka.

Nunziata akafika, akainua mguu. Akaurudisha. Kisha akapita pembeni, kwenye miiba mitupu, sketi ikachanika.

"We Nunziata, njia huioni?" jirani akamtania. Halafu akageuka, akanitazama mimi.

Mwanangu yuko Argentina, mwaka wa pili huu.

Damu ilikuwa inamchuruzika gotini. Hakuifuta. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Nimeteleza, mama," akasema.

"Pole, mwanangu."

Nikainama, nikaokota kiazi kimoja, cheusi, cha duara kama mkate. Nikakifuta udongo kwa aproni taratibu, huku ananitazama, nikakitia mfukoni.

"Umechoka wewe. Leo supu napika mimi."