Sifa za Sebuleni

"Mbona mmekuwa mabubu?" alifoka mwalimu aliyetoka Korea kuja kutufundisha kuongoza sifa, gitaa mkononi. "Imbeni!"

Tulikuwa tunaimba. Hapa Kunming, Uchina, kanisa letu lisilo na kibali ni sebule ya Shangazi Guifang. Kuta nyembamba, majirani hawaishi kuchongea watu kwa polisi. Kwa hiyo Shangazi hugonga mapigo mezani kwa kidole, nasi tunachezesha midomo bila sauti.

"Mwalimu, sisi ndivyo tunavyoimba," Shangazi alimnong'oneza.

"Huo ni woga, siyo sifa!" Akazicharaza nyuzi, akapaza sauti hadi vikombe vya chai vikatetemeka.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

Gitaa likanyamaza.

Kidole cha Shangazi hakikusita. Tukaingia ubeti wa pili.