Mbegu za Mama Klara

"Tupa hirizi hiyo motoni," mchungaji Mzungu alimwambia binti yangu mbele ya vijana wote wa kambi ya misheni.

Klara alikumbatia kibuyu cha marehemu mama yake, chenye shanga shingoni. "Ni mbegu za mtama, Bwana."

"Tupa!"

Mimi nilikuwa nimewaletea unga. Mke wangu alipougua, gari la misheni lilikuwa limebeba mahema haya haya ya kambi, na la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, lilikwenda kuwinda; halikupatikana la kumpeleka hospitali. Nikafungua mdomo, lakini Klara aliniwahi.

"Baba, nipe jembe."

Nikampa lile la kuchimbia mashimo ya nguzo za mahema. Udongo ulikuwa na mvua ya jana. Akaanza kupanda mtama, akianzia mlangoni pa hema la mchungaji.

Wasichana wawili wakavua viatu vya misheni, wakaja kuzifukia mbegu kwa miguu.